Nimepiga riseti kontrola ya MIDI, priseti zote nne zimeyeyuka. Kuna namna ya kuzirudisha?

KinandaMoro

Wakuu habari za jioni. Nakuja kwenu nikiwa na hasira na mimi mwenyewe. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya hapa Morogoro, mambo ya kompyuta najua yale ya kubonyeza bonyeza tu mpaka kitu kikubali. Nina kontrola ya MIDI (kibodi isiyo na sauti yake, inatuma amri tu kwenye kompyuta) ya funguo 49, ina nobu nane, slaida tisa na padi nane, niliinunua mkononi kwa jamaa aliyekuwa anahama, haikuja na boksi wala kitabu chake. Naichomeka kwenye laptopu yenye Live Lite, ile programu ya muziki, humo nina piano, stringi, ogani na seti ya ngoma, basi.

Mwaka na nusu nimekaa naipanga kidogo kidogo. Slaida tisa zilikuwa drobaa za ogani (vile vijiti vya kuvuta vya kuongeza na kupunguza sauti zake), nobu ni rivabu na filta, padi nimeweka kiki, sneya na vikorombwezo vya sebene maana mapambio yakishafika kwenye sebene sisi hatuna dramu ya kweli, ni mimi na vidole vyangu. Nilikuwa na priseti nne, yaani mipangilio iliyosevwa, moja ya ibada ya kwanza, moja ya ibada ya pili, moja ya harusi na moja ya msiba (hiyo ya msiba haina padi kabisa, nilizizima makusudi baada ya siku moja kuangusha kitabu cha nyimbo juu yake katikati ya maombi, naomba nisieleze zaidi).

Sasa wiki iliyopita gurudumu la pichi, lile la kupandisha na kushusha sauti, likaanza wazimu. Sauti inapanda yenyewe kama robo toni bila mtu kugusa, waimbaji wananigeukia kama nimetoka kilabuni. Rafiki yangu akaniambia piga riseti ya kiwandani itakaa sawa, akanionyesha vitufe vya kushikilia wakati unachomeka USB, nikashikilia, taa zikawaka zote zikazima, nikaona aah imepona. Kufungua Live, daah. Slaida zinasukuma hewa, nobu moja inashusha volyumu ya kila kitu, padi ya kiki inapiga kengele ya ng'ombe. Na pichi BADO inapanda!

Maswali yangu: kuna namna ya kurudisha vile vya zamani? Na kama hakuna, huwa mnasevu vipi ili usiku wa namna hii usijirudie? Jumapili nina ibada mbili na leo ni Jumatano.

dj_kibao

Pole sana mkuu. Jaribu kutuma ile meseji ya kuriseti kontrola zote, CC 121 (CC ni zile amri zenye namba ambazo nobu na slaida zinatuma), mimi kwenye mashine yangu huwa inarudisha mambo kwenye mstari. Kama haikubali basi panga upya tu, ni nobu nane hizo si mia.

Mama_Studio

@dj_kibao hapana kaka, hiyo usimwambie mtu mwenye presha ya Jumapili. CC 121 haigusi mipangilio iliyosevwa kwenye kifaa, ni ujumbe unaouambia upande unaopokea sauti kwamba rudisha pichi katikati, modulesheni sifuri, pedali iachiwe, ekspresheni ijae, yaani unamfuta jasho tu mpigaji aliyeganda na noti. Hata volyumu ya CC 7 na pani ya CC 10 haitakiwi kuzigusa. Majina yanafanana na riseti ya kiwandani ndiyo maana watu wanachanganya.

Kaka KinandaMoro, pole, sasa tulia. Kilichokuwa ndani ya kontrola kimefutika, hicho kisahau, hakuna kapu la taka humo ndani. Lakini mapingi ina ncha mbili kama kamba. Ncha moja ni kontrola, inayosema "slaida ya kwanza natuma CC namba fulani, chaneli fulani". Ncha ya pili iko kwenye Live, inayosema "nikisikia CC namba fulani nasogeza drobaa ya kwanza". Wewe umekata ncha moja. Ile nyingine bado imefungwa kwenye faili lako la Live, inasubiri namba ileile ya zamani ije, haiji, ndiyo maana unasukuma hewa.

Kwa hiyo fanya hivi, na kwanza kabisa USISEVU lile faili juu ya lenyewe na USIANZE kufundisha upya slaida moja moja, maana ukifundisha upya unafuta ushahidi wako mwenyewe. Nakili faili uliweke pembeni. Fungua nakala, bonyeza kitufe cha MIDI kule juu kulia, skrini itageuka rangi, na upande wa kushoto itatokea orodha ya mapingi zote za seti hiyo: chaneli, namba ya noti au CC, inaenda wapi, kiwango cha chini na cha juu. Piga skrinshoti. Halafu chukua daftari, andika kwa mkono, slaida 1 chaneli 1 CC ngapi, slaida 2, mpaka mwisho. Mimi naamini daftari kuliko flashi.

Sasa ingia tovuti ya watengenezaji wa kontrola yako, utafute edita (programu ya kupanga kontrola) ya modeli yako kamili, si ya dada yake. Arturia wana MIDI Control Center, Novation wana Components inayofunguka hata kwenye Chrome, Korg wana Kontrol Editor, Akai wana edita kwa kila modeli, hizi zote kwa kontrola ni za bure. Humo unampa kila slaida namba yake kutoka kwenye daftari halafu unaituma kwenye kifaa.

Na hapa ndipo wengi wanapoumia: kutuma si kusevu! Kwenye kontrola nyingi unachokihariri kinakaa kwenye kumbukumbu ya muda, kinafanya kazi vizuri mchana kutwa, ukichomoa USB kwisha. Lazima uiambie iingie kwenye nafasi namba moja, mbili, tatu. Baada ya hapo chomoa, hesabu mpaka kumi, chomeka tena, sogeza slaida. Kama bado inakumbuka ndiyo umesevu. Mwisho kabisa edita inakuwezesha kuhifadhi priseti kama faili kwenye laptopu, hiyo ndiyo bekapu, ile iliyo ndani ya kontrola si bekapu, ile ndiyo yenyewe.

KinandaMoro

Dada Mungu akubariki, orodha IPO. Nimeiona, mistari 26, nilikuwa sijui hata kama ile sehemu ya kushoto ina kazi. Nimeshaandika kwenye daftari la nyimbo nyuma kabisa. Drobaa zilikuwa CC 20 mpaka 28, sikumbuki nani alinishauri hizo.

Ila hiyo ni seti ya ibada ya kwanza tu. Ya harusi nayo nina faili lake? Ngoja nitafute. Edita nimeishusha lakini inasema kifaa hakijaunganishwa wakati nakiona kinawaka hapa mbele yangu.

Mama_Studio

Funga Live. Kwenye Windows mara nyingi mlango wa MIDI unashikwa na programu moja tu kwa wakati, Live ikiushika edita inabaki nje inapiga hodi. Funga na kichupo chochote cha Chrome chenye mambo ya MIDI. Ndiyo ufungue edita.

Na aliyekushauri 20 hadi 28 alikuwa anajua, 20 mpaka 31 na 102 mpaka 119 hazina kazi maalum kwenye kanuni za MIDI kwa hiyo hazigombani na kitu. Watu wanaweka slaida kwenye CC 7 au 64 halafu wanashangaa ogani inazimika au noti zinavutika.

Keys254

Manze pole. Lakini mimi niko na maoni tofauti kidogo na ya dada hapo juu, na nimepiga keys kwa bendi za harusi huku Nairobi miaka kadhaa, so nimeona mengi. Mimi kontrola yangu siigusi ndani KABISA. Inakaa vile ilitoka kiwandani, halafu kila kitu naifundishia kwa laptop. Kwa nini? Kwa sababu kontrola ni kitu ya kupotea, kumwagikiwa soda, kuazimwa na msee na isirudi. Kuna wedding moja Nakuru ile yangu ilikataa kuwaka, ikabidi nimeazima ya MC, modeli ileile. Nikaichomeka na kila nobu ikaenda mahali pake, kwa sababu yake pia ilikuwa ya kiwandani. Kama ningekuwa nimebadilisha yangu ndani ningeimba acapella siku hiyo.

So bekapu yako iwe ni ile project file tu. Kitu moja, mahali pamoja. Ukifanya seti yako iwe template unafungua kila wakati na mapingi ziko ndani.

Ukitumia FL Studio hapo uwe macho, kuna link ya project moja na kuna ile ya jumla inayofuata plagini kila project, ukisahau ni gani ulitumia utatafuta hadi asubuhi. Ziko kwa browser, pale kwa project ya sasa, remote control.

Mama_Studio

Hoja yako naielewa Keys254, na kwa mtu anayezunguka na vyombo vya kuazima uko sahihi. Ila kuna vitu laptopu haivioni. Padi ikiwa ya kubonyeza na kuachia au ya kubonyeza ikabaki imewaka, ugumu wa mguso wa funguo, mpaka wa kugawa kibodi mara mbili, taa, slaida kugeuzwa kichwa chini, hayo kwenye kontrola nyingi yanakaa ndani yake. Yeye anapiga sebene kwa padi, hawezi kukaa na mguso wa kiwandani, atavunja vidole. Kwa hiyo ndugu yangu sevu kote kote.

MzeeWaKodi

Vijana shikamooni nyote mnitangulie maana nyie ndio wenye edita (natania, mimi ndiye mzee hapa).

Naona hakuna aliyetaja SysEx na mimi ndiyo chakula changu kwa hiyo nivumilieni. Hizo edita zenu zenye rangi nzuri nyingi chini kwa chini zinaongea SysEx na kifaa. Ni aina ya ujumbe wa MIDI ambao kila kampuni inaweka mambo yake ya ndani. Unaanza na baiti F0 (hizi namba zenye herufi ni za heksi, kuhesabu kwa kumi na sita), inafuata namba ya utambulisho wa kampuni, kisha data yenyewe, unafungwa na F7. Katikati hapo hakuna baiti inayozidi 7F, yaani 127. Ni wa tangu MIDI inaanza 1983 na haujafa.

Nilijifunzia kwenye DX7 ya Yamaha, hiyo nayo ni ya 1983, ilikuwa ya bosi wetu wa bendi si yangu. Ndani inabeba sauti 32 tu. Ukitaka kuhifadhi unaimwaga yote 32 kwa SysEx, ni baiti 4,104, nyaya za MIDI zinapitisha biti 31,250 kwa sekunde na kila baiti inakula biti kumi, kwa hiyo ni kama baiti 3,125 kwa sekunde, piga hesabu, sekunde moja na kidogo kazi imeisha. Sekunde moja na nukta, na kuna watu walipoteza sauti za miaka kwa kutoipata hiyo sekunde! Vinanda vya zamani vya namna hiyo kumbukumbu yake inashikiliwa na betri ndogo ya duara iliyo ndani, betri ikichoka asubuhi unakuta mashine haikujui. Yangu ya baadaye (sitaji kampuni) ilinifanyia hivyo Krismasi. Kontrola za siku hizi zinatumia kumbukumbu ya flashi haihitaji betri, kwa hiyo adui wenu ni vidole vyenu.

Sasa kama kontrola yako haina edita, au edita yake haifunguki kwenye Windows mpya kwa sababu kampuni imeshaitelekeza, angalia kama ndani ya menyu ina kitu cha kumwaga data. Kama ipo, kwenye Windows chukua MIDI-OX, kwenye Mac chukua SysEx Librarian, zote za bure. Ziweke zisikilize, bonyeza kumwaga kwenye kifaa, utaona baiti zinaingia, hifadhi kama faili la syx. Fungua hilo faili kwa programu ya kuonyesha heksi uangalie: la kwanza F0, la mwisho F7. Kama mwisho hakuna F7 limekatika njiani, usilitegemee hata siku moja.

Na linakatika kwa sababu gani? Kwa kifaa chenye tundu za MIDI za duara, mara nyingi ni ile waya ya USB ya bei ya chini isiyo na jina. Noti inapitisha vizuri kwa sababu noti ni baiti tatu. Ukiipa mia tano mfululizo inabanwa, inatema zingine. Mimi niliwahi kumwaga mara tatu nikapata faili tatu za ukubwa tofauti kutoka kwenye kifaa kilekile bila kugusa chochote, ndipo nikajua mchawi ni waya. Tangu siku hiyo namwaga mara mbili kila mara na nalinganisha ukubwa. Na wakati wa kurudisha punguza mwendo, MIDI-OX ina sehemu ya kupunguza ukubwa wa bafa na kuweka pumziko kati ya vipande, Librarian nayo ina pumziko kati ya ujumbe na ujumbe. Kifaa kinahitaji muda wa kuandika, ukikimiminia kama maji ya bomba kinakosa pumzi.

Jina la faili nalo. Msiite "bekapu mpya mwisho kabisa 2". Andikeni modeli, namba ya famwea (programu ya ndani ya kifaa), tarehe. Famwea muhimu kwa sababu ukishapandisha toleo, kuna priseti za zamani zinakataa kuingia, na kupandisha kwenyewe wakati mwingine kunafuta kila kitu. Kabla ya kugusa famwea sevu kwanza. Na fanyeni laptopu ikiwa na chaji, msifanye kwenye kompyuta ya mezani siku ambayo umeme unakonyeza.

fundi_sauti_tz

Watu wote mmemsaidia priseti, na ile pichi iliyomtia kwenye balaa lote hili hakuna aliyeigusa 😂

Mkuu, hilo ni tatizo la chuma, si la mipangilio, riseti haifuti vumbi. Chini ya gurudumu kuna potenshometa, kile kipande kinachopima gurudumu limezunguka kiasi gani, na springi. Vumbi likiingia au springi ikilegea gurudumu halirudi katikati kabisa. Thibitisha: fungua MIDI-OX hiyo ya mzee, chagua kontrola yako, usiguse kitu. Pichi inaonekana kama E0 (chaneli ya kwanza) na baiti mbili. Katikati halisi ni 00 40, yaani 8192 kati ya 0 na 16383. Sukuma gurudumu kidogo liachie lirudi lenyewe. Likituama kwenye 00 40 ni zima. Ukisema linabaki robo toni juu, na upana wa kawaida wa pichi ni nusutoni mbili kila upande, basi nategemea utaona linatuama maeneo ya 00 50. Namba zikiwa zinacheza zenyewe bila kugusa ni uchafu, zikiwa zimetulia lakini mahali pabaya ni springi au kalibresheni, yaani kifaa kimekosea katikati ni wapi.

Kama kuna kalibresheni kwenye menyu jaribu hiyo kwanza. Kama hakuna, fungua chini, puliza, weka dawa ya kusafishia kontakti za umeme, ile ya kukauka, zungusha gurudumu mara hamsini. Usiweke mafuta ya bawaba, nimeletewa vinanda vya hivyo vinanuka kama baiskeli.

Na kama hutaki kufungua kabla ya Jumapili, nenda kwenye piano na ogani zako kwenye laptopu, tafuta upana wa pichi weka sifuri. Gurudumu litapiga kelele lenyewe hakuna atakayelisikia. Kwaya haihitaji pichi bendi.

Kitu kingine, unapoiwasha usikanyage pedali. Vibodi vingi vinasoma pedali wakati vinawaka, ukiwa umeikanyaga vinaigeuza, ukiachia inavuta ukikanyaga inakata. Watu wanapiga riseti kwa hilo tu, dawa yake ni kuchomoa na kuchomeka mguu ukiwa juu.

KinandaMoro

Wakuu nimerudi, ni Jumamosi usiku, natoa ripoti.

Nilifunga Live edita ikaona kifaa papo hapo. Nikaingiza namba zote 26 kutoka kwenye daftari, nikatuma, nikafungua Live, slaida ya kwanza nikaisukuma juu, drobaa ikasogea! Nilipiga kelele mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko. Halafu nikaanza kupiga na nikaona kuna kitu kinanikera sijui nini. Nikicheza ogani mkono wa kushoto unakosea. Dakika ishirini nzima. Kumbe slaida ziko kichwa chini. Ogani ya kweli drobaa unaivuta kuja kwako ndiyo sauti inaongezeka, na mimi zamani nilikuwa nimeigeuza hivyo ndani ya kontrola, chini ni 127 juu ni 0, nikasahau kabisa kwamba niliwahi kufanya hivyo. Orodha ya Live haikunionyesha hilo kwa sababu yenyewe inajua namba tu, haijui nilizigeuza huko. Dada Mama_Studio ulisema mambo mengine laptopu haiyaoni, nikakukumbuka. Nikarudi kwenye edita nikageuza zote tisa.

Padi pia zilikuwa za kubaki zimewaka, kiki inapiga mara moja ya pili haipigi, nikabadilisha ziwe za kubonyeza na kuachia.

Nikasevu kwenye nafasi ya kwanza, nikachomoa, nikahesabu kumi kama ulivyosema (nilihesabu ishirini), nikachomeka, ipo. Nikatoa faili nikaliweka kwenye laptopu, kwenye flashi, na nikamtumia mwalimu wa kwaya WhatsApp kama dokumenti, akanijibu "hii ni nyimbo mpya?". Halafu nikajaribu kwa makusudi: nafasi ya nne nikaijaza takataka, nikairudisha kutoka kwenye faili. Katikati ya kutuma umeme ukakatika mtaa mzima, mzee MzeeWaKodi nilikufikiria wewe moja kwa moja, ila nilikuwa kwenye laptopu na kontrola inakula umeme wa USB kwa hiyo haikujua hata kama kuna giza. Nimemaliza kwa mwanga wa taa za padi.

Pichi: fundi umenitisha, ni 00 50 kamili kama ulivyosema, imetulia tuli. Kalibresheni hakuna. Nimefungua, springi ilikuwa imechomoka mguu mmoja kwenye kishikizo chake, nimeirudisha kwa koleo ya kucha. Sasa inatuama 00 40, mara moja moja 00 41, hiyo hata shetani hawezi kuisikia. Kwa hiyo nilifuta mwaka na nusu kwa sababu ya springi.

Keys254 ushauri wako sijaupuuza, nimetengeneza na seti ya pili ambayo inatumia namba za kiwandani bila kugusa chochote, nimeiita "ya kuazima".

Ya harusi nimepata faili lake, ya msiba haina kitu kwa hiyo haikupotea. Kilichobaki ni padi ya sita ya ibada ya pili. Kwenye daftari nimeandika noti 56, naipiga inatoa kengele ya ng'ombe, nina uhakika zamani haikuwa kengele ila sikumbuki ilikuwa nini.

dj_kibao

Iache hivyo hivyo mkuu, kesho ipige kwenye sebene uone kama kuna atakayelalamika.